Taa ya shokapu za umeme imewaka: pima haya kabla hujaagiza sensa ya usukani

"Fundi, mashine imesema sensa ya usukani imekufa. Nitaipata wapi?"

Swali hili naletewa na madereva wa Kigoma mjini, wa Uvinza na wa Kasulu, na wengi wao huwa wameshapiga simu Dar es Salaam kuulizia bei wakati gari lenyewe halijafunguliwa hata skrubu moja. Nikilipima, mara nyingi naikuta sensa nzima. Imesema kweli kuhusu usukani uliokaa vibaya, na kompyuta ikauona ukweli huo kama uongo. Au umeme hauifikii. Au kuna waya umelegea kwenye barabara ya vumbi. Nimeandika mwongozo huu ili hela ya sensa isitoke mfukoni kabla ya kujua kama ndiyo yenye kosa.

Kwanza ujue inafanya nini

Toyota walianza kuuza gari lenye shokapu zinazobadilishwa ugumu na kompyuta mwaka 1983, kwenye Soarer, wakauita mfumo huo TEMS. Siku hizi magari mengi ya Toyota yenye mfumo wa aina hii huandikwa AVS: baadhi ya Prado, baadhi ya Land Cruiser 200, baadhi ya Crown. Si zote. Land Cruiser za kazi, zile hadtopu zinazopanda na kushuka barabara ya Kasulu na Kibondo, zina springi na shokapu za kawaida, kwa hiyo mwongozo huu hauzihusu. Kujua kama lako unalo, fungua boneti utazame juu ya shokapu za mbele. Ukiona soketi ya waya pale juu, unao.

Sensa ya usukani imekaa ndani ya kabini, nyuma ya usukani, imezunguka ule mhimili wake. Zile za zamani zina kisahani chenye matundu kinachopita katikati ya taa ndogo na vijicho viwili. Vijicho viwili ni vya lazima, kwa sababu kompyuta hujua umekata kulia au kushoto kwa kuangalia kipi kimetangulia kupata giza. Nyingi za sasa hutumia sumaku na gia ndogondogo, na taarifa yake hupita kwenye nyaya mbili za mawasiliano ambazo kompyuta zote za gari huzitumia kwa pamoja.

Kompyuta ya shokapu huchukua nyuzi za usukani (digrii ulizokata) na mwendo wa gari, ikakaza shokapu kabla bodi halijalala kwenye kona. Ikikosa taarifa hiyo, huziacha shokapu katika hali moja isiyobadilika na kuwasha taa. Taa ya VSC nayo huwaka, maana mfumo wa kuzuia gari lisiteleze unaitegemea sensa hiyo hiyo. Ndiyo sababu mtu huona taa mbili au tatu kwa mpigo akadhani gari zima limeharibika, kumbe chanzo ni kimoja.

Vipimo vya kuanza navyo, dalili iwe yoyote

Anza na betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma karibu volti 12.4 hadi 12.6, na injini ikiunguruma usomaji uwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Betri iliyochoka ikishuka sana wakati wa kupiga stata, kompyuta ndogo huzimika kwa nukta moja na kompyuta nyingine zinaandika kwamba "mawasiliano yamepotea". Hapo utaona namba ya hitilafu U0126, maana yake kompyuta haimsikii msemaji wa usukani, wakati sensa haina ubaya wowote. Kaza vichwa vya betri, safisha ule ukungu mweupe, futa namba, endesha siku mbili. Ikirudi ndipo uendelee.

La pili ni mashine unayosomea namba hizo za hitilafu. Kile kifaa kidogo kinachounganishwa na simu mara nyingi husoma injini tu. Kikisema hakuna hitilafu na huku taa ya VSC inawaka, usikiamini. Hakijafika huko. Unahitaji mashine inayoingia kwenye breki, shokapu na usukani, na inayoonyesha nyuzi za usukani zikibadilika papo hapo. Ukikosa hiyo unabahatisha. Kwa Toyota utakutana sana na C1231, yaani saketi ya sensa ya usukani, C1290, yaani sifuri ya usukani (usomaji wake ukiwa umenyooka) haipo mahali pake, na C1210, yaani sensa ya mzunguko wa bodi (inayopima gari linavyogeuka) haijawekwa sifuri. Ziandike zote kwenye karatasi kabla ya kufuta. Fundi anayefuta kwanza na kuuliza baadaye amepoteza ushahidi.

Dalili: taa imewaka mara tu baada ya kutoa betri au betri kuisha

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Sensa nyingi husahau sifuri yake umeme ukikatika. Washa gari, zungusha usukani taratibu mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, urudi katikati, halafu endesha moja kwa moja kwenye barabara iliyonyooka kwa dakika chache. Kwa magari mengi taa hujizima yenyewe. Isipojizima, weka sifuri kwa mashine kama nitakavyoeleza chini. Ikiwa betri ilibustiwa na nyaya zikageuzwa, chanya kwenye hasi, anza na fyuzi zote kabla ya kitu kingine. Zikiwa nzima na mawasiliano bado hayapo, mpelekee fundi umeme, kwani huenda kompyuta imeungua.

Dalili: taa inawaka ukiwa unakwenda moja kwa moja, na usukani umekaa upande

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiyo inayonijia kuliko zote.

Mwalimu mmoja aliniletea Prado kutoka Kasulu. Taa ilikuwa ikizima kila akiwasha gari asubuhi, kisha inawaka tena baada ya kilomita moja au mbili za lami. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa na sensa ya mtumba ndani ya mfuko wa nailoni, imekuja kwa basi. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo iache kwanza, twende barabarani." Tukatoka mpaka kile kipande cha lami kilichonyooka kuelekea Ujiji. Gari likawa linakwenda sawa kabisa, lakini nembo ya katikati ya usukani imeinama kushoto kama mtu anayesikiliza jambo. Mashine ikasoma nyuzi 14 kushoto.

"Hivi ulibadilisha tairodi, zile fimbo zinazosukuma magurudumu yakate?" nikauliza.

"Mwezi jana. Zote mbili."

Basi tatizo likajulikana pale pale. Tairodi zilifungwa kwa kukadiria kwa macho, magurudumu yakanyooka ila usukani ukabaki umekata. Sensa ilikuwa inasema kweli: usukani umekata nyuzi 14. Sensa za magurudumu nazo zinasema kweli: tairi la kushoto na la kulia yanazunguka sawa, gari linakwenda moja kwa moja. Kompyuta inasikia maneno mawili yasiyopatana, inasubiri kidogo, kisha inawasha taa. Ndiyo maana haikuwaka palepale, ilihitaji kilomita moja ya kulinganisha. Ile sensa ya mtumba ingefungwa ingesoma nyuzi 14 zile zile.

Visababishi vya dalili hii, kwa jinsi ninavyokutana navyo: kwanza tairodi, raki ya usukani au bolijointi kubadilishwa bila gari kupelekwa kwenye mashine ya alaimenti, ya kunyoosha magurudumu. Pili, usukani kuvuliwa na kurudishwa ukiruka jino moja. Tatu, tairi zisizolingana. Mtu amefunga stepni ya saizi nyingine mbele upande mmoja, au tairi jipya pamoja na lililokwisha. Dogo huzunguka haraka zaidi, kompyuta ikadhani gari linakata kona, na usukani haujakata. Sensa yenyewe kuharibika inakuja mwisho kabisa.

Kwa hiyo anza kwa kupima upepo wa tairi zote nne na kusoma saizi zilizoandikwa ubavuni. Kisha nenda barabara iliyonyooka na isiyoinama upande. Usukani ukiwa umekaa upande, peleka gari kwenye alaimenti, na umwambie fundi afunge usukani katikati kabla ya kugusa tairodi. Baada ya hapo weka sifuri kwa mashine. Usikubali kumwona fundi akivua usukani na kuurudisha umenyooka ili "kuficha" kasoro ya tairodi. Macho yatafurahi, lakini usukani utaishia kukata zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na utepe wa ndani unaweza kukatika. Sababu ya kukatika iko hapo chini.

Dalili: taa ya shokapu imewaka pamoja na ya eabagi, au honi haipigi

Hapa usiguse chochote kabla hujamaliza kusoma sehemu hii.

Katikati ya usukani na mhimili kuna kifaa cha mviringo ambacho mafundi tunakiita spairo. Ndani yake kuna utepe mwembamba wenye nyuzi za shaba, umejiviringa kama utepe wa kaseti, unaopeleka umeme wa honi, vitufe na eabagi huku usukani ukizunguka. Kwenye magari mengi sensa ya usukani imefungwa mgongoni mwa spairo hiyo. Ukiona honi imekufa, vitufe vya redio vimekufa na taa ya eabagi imewaka kwa wakati mmoja, utepe umekatika. Ukisikia mkwaruzo kama karatasi ikikunjwa wakati wa kukata kona, uko njiani kukatika.

Chanzo cha kawaida ni mkono wa fundi. Raki imeshushwa, usukani ukaachwa uzunguke wenyewe, au spairo mpya imefungwa bila kuwekwa katikati. Niliwahi kufungua moja nikakuta utepe umevutwa mpaka umekuwa mweupe pale ulipopasuka, na vipande vya plastiki vimedondoka juu ya sensa. Kwa Toyota nyingi, spairo huwekwa katikati kwa kuizungusha polepole kinyume cha saa mpaka ikaze, kisha kuirudisha kwa saa karibu mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Magurudumu ya mbele lazima yawe yamenyooka wakati huo.

Ila kabla ya kuifikia spairo lazima utoe eabagi, na eabagi ina baruti. Zima gari, toa kichwa cha hasi cha betri, usubiri sekunde 90 au zaidi. Usiweke mita ya umeme kwenye soketi za njano kupima ukinzani, kwa sababu umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua. Eabagi iliyotolewa iweke mezani uso wake ukitazama juu, usiilalie, usiibebe ukiielekeza usoni. Kama hujawahi kufanya kazi hii na hakuna aliyekufundisha kwa mkono, simama hapa. Mtafute fundi umeme anayeshughulika na eabagi. Sisemi hivi kulinda riziki ya mafundi. Sitaki mtu apoteze macho kwa ajili ya honi.

Dalili: taa inawaka na kuzima kwenye barabara mbovu

Kwenye lami imetulia, ukiingia kwenye changarawe yenye mawimbi mawimbi inawaka. Mtikisiko unafungua kitu mahali fulani. Kinacholegea sana ni soketi, halafu athi (waya unaofungwa kwenye bodi la gari), halafu waya uliosuguliwa na chuma, na mwisho kabisa ni sensa yenyewe.

Gari likiwa limesimama na mashine imeunganishwa, mwenzako atazame nyuzi za usukani huku wewe ukitikisa taratibu rundo la waya chini ya dashibodi karibu na mhimili. Namba ikiruka ghafla au ikipotea, umelikaribia tatizo. Kisha zungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Namba zipande na kushuka kwa ulaini. Zikiruka daima mahali pale pale, na huku waya hautikiswi, hapo naanza kuishuku sensa. Kwa zile za zamani za taa na matundu, vumbi jekundu la huku kwetu likiingia kwenye kijicho hutoa dalili hii hii. Kupangusa kwa brashi laini kumewahi kuniokolea kazi. Usizinyunyizie petroli wala kemikali ya kusafishia breki, maana huyeyusha plastiki.

Usisahau sensa ya mzunguko wa bodi, inayokaa chini ya konsoli karibu na gia kwenye magari mengi. Boliti zake zikilegea, au zulia likilowa maji, hutoa taarifa za ovyo na lawama zikaangukia usukani. Magari yaliyopita kwenye maji marefu karibu na ziwa nimeyakuta soketi hii imeota ukijani. Inua zulia uguse kwa kiganja. Likiwa bichi, kausha kwanza.

Kwa mwenye mita: gari limezimwa kabisa na betri imetolewa, pima ukinzani kati ya pini namba 6 na namba 14 za soketi ya kusomea iliyo chini ya dashibodi. Magari mengi yanayotumia nyaya mbili za mawasiliano husoma karibu omu 60, na vitabu vya Toyota huruhusu 54 mpaka 69. Ukipata karibu 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Kwa majibu hayo mawili acha kutafuta sensa, tafuta waya. Na usikate wala kuunga nyaya hizo mbili kwa kuzisokota na selotepu. Zimesukwa pamoja kwa makusudi, na kuunga ovyo huleta tatizo jingine la kuwaka na kuzima. Hapo mpe fundi mwenye mchoro wa nyaya.

Dalili: gari linalala kwenye kona au limekuwa gumu, na hakuna taa

Mara chache sana huwa ni sensa. Angalia bushi, linki za stablaiza na upepo wa tairi. Angalia pia kama shokapu zimewahi kubadilishwa: wengi hufunga za kawaida kwa kuwa ni rahisi, na waya zikaachwa zinaning'inia au zikafungiwa kitu cha kuidanganya kompyuta. Ukinunua gari lililotumika, ligundue hili mapema. Shokapu ikivuja mafuta hakuna sensa itakayolirudisha gari mahali pake.

Gari likilala upande au likishuka nyuma hata limesimama, hiyo ni habari ya sensa za kimo na upepo au mafuta ya mfumo. Vijiti vya sensa za kimo viko chini, karibu na mikono ya magurudumu, na mawe huvivunja. Usiingie chini ya gari la namna hiyo likiwa juu ya jeki peke yake. Linaweza kushuka lenyewe.

Kuweka sifuri

Kazi hii inataka sakafu tambarare, na Kigoma mjini ni vilima. Gereji nyingi zimekaa mteremkoni. Fundi akiweka sifuri gari limeinama, kompyuta itaamini kwamba kule kuinama ndiko kunyooka, na kesho taa itarudi. Mimi hulipeleka gari Ujiji kwenye uwanja ulio sawa, na naweka chupa ya maji sakafuni kuona kama inabingirika.

Magurudumu yanyooke, gia iwe P, milango imefungwa, mtu asiwe ndani akitikisika, injini isiwe inawaka kama mashine inataka hivyo. Chagua kwenye mashine kuweka sifuri ya usukani na ya mzunguko wa bodi, ufuate hatua zake, usiguse usukani mpaka imalize. Kuna njia ya kuunganisha pini kwa kipande cha waya kwenye soketi ya kusomea. Sipendekezi kwa mtu asiyeizoea, kwani pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na kukosea tundu moja kunaunguza.

Kama vipimo vyote vimepita na sensa ndiyo yenye kosa kweli, linganisha namba iliyoandikwa kwenye kibati chake herufi kwa herufi kabla ya kulipa. Umbo kufanana hakutoshi. Kwa BMW, Mercedes-Benz au Range Rover, uliza kwanza kama kuna mtu mwenye mashine ya kuitambulisha sensa hiyo kwa gari lako, kwa sababu nyingine hazitasoma bila hatua hiyo.

Taa ikiwa imewaka na unalazimika kusafiri, gari litaenda, lakini halina msaada wa kuzuia kuteleza. Punguza mwendo kwenye kona, na zaidi mvua ikinyesha. Ila usukani ukiwa mzito ghafla, ukikwama, au ukigonga unapokata, hilo halihusiani na sensa. Paki pembeni hapo hapo uite mtu wa kulivuta.